Kuagiza fimbo ya pool Rumonge kwa bei nafuu: mti, vipimo na karatasi za mpakani

Mwenye meza ya pool katika mji wa Rumonge, kilomita zipatazo 70 kusini mwa Bujumbura, hulipwa kwa kila mchezo. Fimbo zikipinda au ncha zikibanduka, wachezaji huhamia meza ya jirani na mapato hupungua siku hiyo hiyo. Mchezaji wa mashindano naye huhitaji fimbo yake mwenyewe, yenye uzito na unene aliouzoea mkono wake. Wote wawili wanaweza kuagiza fimbo ya kutengenezewa bila kutumia fedha nyingi, mradi wajue ni chaguo gani lina faida katika mchezo na ni lipi ni urembo tu. Aidha wanapaswa kujua fimbo hiyo itahesabiwaje na forodha endapo itavuka mpaka.

Njia tatu za kupata fimbo

Njia ya kwanza ni kununua fimbo iliyokamilika kutoka nje ya Afrika Mashariki, nyingi zikiwa zimetengenezwa China na kufika madukani kupitia bandari ya Dar es Salaam. Ni rahisi kupatikana, lakini mnunuzi hachagui kitu.

Njia ya pili ni kumpa kazi fundi seremala mwenye mashine ya kukereza, yule anayekereza miguu ya meza na nguzo za vitanda. Hapa mnunuzi huchagua mti, urefu, uzito na unene.

Njia ya tatu ni ya katikati: kuchukua fimbo nzima ya kawaida ya kwenye baa, iliyonyooka, kuikata katikati na kuitia kiungo cha skrubu. Mafundi wa Marekani wamefanya hivyo kwa miaka mingi, na fimbo ya namna hiyo huthaminiwa ingawa kwa sura haitofautiani na fimbo ya baa. Kwa mwenye fedha kidogo hii ndiyo njia yenye hasara ndogo, kwa kuwa mti huo umekwisha kukauka na unyoofu wake unaonekana kabla ya kulipa.

Mti

Fimbo ina sehemu mbili, ya mbele na kitako. Sehemu ya mbele ndiyo inayopiga mpira na ndiyo inayostahili fedha nyingi zaidi. Viwanda vya nje hutumia mti wa maple kwa fimbo za Kimarekani na mti wa ash kwa fimbo za Kiingereza, kwa sababu ni migumu na nyuzi zake hunyooka.

Kwenye mwambao wa Tanganyika mti unaojulikana kwa kutulia baada ya kukauka ni mninga, ambao hutoka katika misitu ya miombo ya magharibi mwa Tanzania. Hauvimbi wala kusinyaa sana hali ya hewa inapobadilika. Mkaratusi hupatikana kwa wingi Burundi na ni mgumu, lakini una tabia ya kujipinda na kupasuka unapokauka. Msonobari ni laini na hubonyea upesi. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, kwa hiyo hufaa kwa kipande kidogo cha kuongeza uzito kwenye kitako na si kwa fimbo nzima.

Misitu ya miombo iliyobaki upande wa Burundi, ikiwemo hifadhi ya Rumonge, inalindwa. Mnunuzi amuulize fundi mbao zake zimetoka wapi kabla ya kutoa malipo ya awali.

Jambo kubwa kuliko jina la mti ni ukavu. Hewa ya ziwani ina unyevu, na mbao mbichi iliyokerezwa leo inaweza kupinda ndani ya wiki chache. Fundi mzuri hukereza kwa awamu: kwanza huacha fimbo ikiwa nene, huitundika wiki kadhaa, kisha huikereza tena mpaka ifikie kipimo. Fundi anayeahidi kumaliza kila kitu kesho hajaupa mti muda. Vilevile mistari ya mti iangaliwe: iende sambamba kutoka mwisho mmoja hadi mwingine bila kukata ubavuni.

Vipimo

Kabla ya kuagiza, mnunuzi apime mipira ya meza anayoichezea. Mipira ya Kimarekani ina kipenyo cha milimita 57, na fimbo yake huwa na ncha ya milimita 12 hadi 13. Mipira ya Kiingereza ina milimita 51 hivi, na ncha yake ni milimita 8 hadi 10 hivi. Ncha nene kwenye mpira mdogo huficha mahali pa kupiga, na ncha nyembamba kwenye mpira mkubwa huyumba.

Urefu wa kawaida ni sentimita 145 hadi 147. Meza ikiwa imebanwa na ukuta, ni vyema kuagiza pia fimbo moja fupi. Kanuni za kimataifa za pool zinataka fimbo isipungue sentimita 101.6, hivyo fimbo fupi ya sentimita 120 bado ni halali.

Uzito wa fimbo nyingi ni kati ya gramu 510 na 595. Anayeanza achague gramu 540 hivi. Uzito wa juu unaoruhusiwa na kanuni hizo ni gramu 708, lakini fimbo ya uzito huo huchosha mkono.

Kiungo

Fimbo ya vipande viwili hubebeka kwenye boti na kwenye basi, lakini kiungo ndicho mahali pa hasara kwa wasiokuwa na habari. Skrubu za viwanda vya Kimarekani hupimwa kwa inchi, na nyingi ni za kipenyo cha inchi 5/16 au 3/8. Karakana nyingi hutumia boliti za milimita, kama M8 na M10. Inchi 5/16 ni sawa na milimita 7.9, kwa hiyo kwa macho inafanana na M8. Hata hivyo, nafasi kati ya uzi na uzi haifanani. Kwenye M8 ni milimita 1.25, na kwenye 5/16 yenye nyuzi 18 kwa inchi ni milimita 1.41. Anayelazimisha moja ndani ya nyingine huvunja nyuzi na kupoteza vipande vyote viwili.

Kwa hiyo mnunuzi aamue mapema. Kama anatarajia kununua baadaye sehemu ya mbele ya kiwandani, fundi atumie skrubu ya inchi inayolingana nayo. Kama fimbo itabaki kwa fundi huyo huyo, boliti ya M10 ni rahisi kupatikana na kubadilishwa.

Ncha, mshiko na urembo

Ncha ya ngozi ndiyo sehemu inayokwisha upesi, na mara nyingi hutoka nje ya nchi. Mwenye meza anunue kadhaa kwa pamoja na ajifunze kuzibandika mwenyewe. Ngozi laini hushika chaki vizuri lakini huisha haraka. Ya ugumu wa kati inafaa kwa meza ya biashara. Chini ya ncha pawe na kofia ngumu ya plastiki ili mti usipasuke.

Mshiko wa uzi wa pamba au kitani hufyonza jasho. Uzi wa nailoni kama ule wa nyavu huteleza mkono ukilowa. Mti mtupu uliopigwa msasa na vanishi nyepesi hauna gharama na wachezaji wengi huupenda. Nakshi, majina na rangi havinyooshi fimbo. Kama bajeti haitoshi, hivi ndivyo vya kwanza kuondolewa.

Ikivuka mpaka

Fimbo iliyoagizwa kwa fundi wa Kigoma hufika Rumonge kwa njia ya ziwa, au kwa barabara kupitia Manyovu na Mugina kisha Nyanza-Lac. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na ilianza kutumia umoja wa forodha mwaka 2009. Bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya haitozwi ushuru wa kuingiza ikithibitishwa asili yake. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 kuna cheti rahisi cha uasilia kinachotolewa na forodha mpakani kwa bidhaa zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, bila kuhitaji wakala.

Hapa ndipo wafanyabiashara wadogo wadogo hukosea. Fimbo ya China iliyonunuliwa Dar es Salaam haiwi ya Tanzania kwa kuwa risiti ni ya Tanzania. Cheti hutazama mahali ilipotengenezwa. Fimbo iliyokerezwa Kigoma kwa mninga wa Tanzania ina hoja hiyo, hata kama ncha na skrubu zimetoka nje. Mnunuzi amuombe fundi risiti inayotaja mti na mahali pa kazi. Katika vitabu vya forodha vifaa vya pool na biliadi vimo chini ya namba 9504.20. Aidha cheti huondoa ushuru wa kuingiza peke yake. Kodi ya ongezeko la thamani ni jambo jingine na inaweza kudaiwa.

Kubeba mbao ili zikakerezwe Rumonge ni kazi ngumu zaidi. Mazao ya misitu Tanzania husafirishwa kwa hati maalumu, na mbao za kuuza nje huhitaji kibali. Zaidi ya hayo, mninga uliingizwa katika orodha ya mkataba wa CITES mwaka 2022, na mbao zilizopasuliwa ni miongoni mwa zinazohusika. Kwa sababu hiyo ni nafuu kuagiza fimbo iliyokamilika.

Mambo ya kuandika kwenye oda

Makubaliano yaandikwe nakala mbili na yataje: mti wa mbele na wa kitako, urefu, uzito na unene wa ncha, aina ya skrubu, tarehe, bei kwa sarafu moja iliyotajwa, na nani atabeba hasara fimbo ikipinda ndani ya miezi mitatu. Malipo ya awali yasizidi nusu.

Siku ya kupokea, kila kipande kiangaliwe peke yake kwa kukitazama kwa jicho moja kutoka kitakoni hadi nchani huku kikizungushwa polepole. Kuviringisha fimbo mezani hakutoshi, kwa sababu kitambaa na unene usio sawa huweza kudanganya. Baada ya hapo viunganishwe na kutazamwa tena. Vikiwa vimenyooka kila kimoja na kupinda vikiunganishwa, kosa liko kwenye kiungo. Fundi anaweza kulirekebisha hapo hapo, kabla fedha iliyobaki haijatoka mfukoni.