Rangi ya ndani ya motokari ya zamani: kuchagua ao kuchunguza?

Tuseme mtu amepata Ford Mustang ya 1965 na anataka irudi sawa vile ilitoka kiwandani. Injini haileti mabishano mengi: ikiwaka, imewaka. Mabishano yanaanzia ndani, kwenye viti, tapi, milango na kitambaa cha dari. Tuweke rangi gani? Wengi watajibu haraka: weka ile inakupendeza, si motokari ni yako?

Sisi wenye tumepita mu chuo, tusikimbilie ile jibu. Rangi ya ndani ya motokari haikuanguka toka mbinguni. Kuna mtu aliichagua kwa sababu fulani, na ile sababu njo historia yenyewe.

Angalia limuzini za mwanzo wa karne ya 20. Zilifuata desturi ya magari ya kuvutwa na farasi. Dereva alikaa mbele, mara nyingi bila paa, mvua na matope juu yake. Kiti chake kilikuwa cha ngozi, juu ngozi inavumilia maji. Bwana na bibi walikaa nyuma, wamefungiwa na vioo, kwenye kitambaa laini cha sufu. Leo tunahesabu ngozi kuwa alama ya utajiri, lakini ndani ya motokari zile ilikuwa kiti cha mtumishi. Ukifunika viti vyote kwa ngozi ya rangi moja ili ipendeze, umefuta mpaka wenye ulikuwa kati ya bosi na mfanyakazi wake. Mwenye kuja nyuma yako hatauona tena.

Mfano mwingine ni Dodge La Femme, iliyotoka Marekani mwaka 1955. Kiwanda kilitaka motokari ya wanawake. Wakuu wakaweka rangi ya waridi nje, na ndani viti vya kitambaa chenye maua madogo ya waridi. Juu ya ile, mnunuzi alipewa mkoba, rangi ya midomo, koti la mvua na mwavuli, vyote vya kulingana na motokari. Mwaka 1956 wakabadilisha rangi, wakaleta zambarau. Wanunuzi walikuwa kidogo sana, na kisha 1956 mambo yakaisha. Sasa, mtu mwenye kuitengeneza leo anaweza kuona haya ya ile waridi, akaweka viti vyeusi. Itakuwa motokari nzuri, ndiyo. Lakini ushahidi wa namna wakuu wa kiwanda walimfikiria mwanamke katika miaka ya 1950 utakuwa umeenda na vitambaa kwenye takataka.

Basi mtu anajuaje rangi ya kwanza? Hapa kritiki ya kihistoria ya mu auditoire inashuka mpaka garaji. Kwanza kuna maandishi. Kwenye Mustang ya 1965, plaki ndogo ya chuma kwenye mlango wa dereva iko na alama za rangi ya nje na za vifaa vya ndani. Namba 26, kwa mfano, ilikuwa vinili nyeusi. Kwa motokari nyingi za Uingereza, kuna kumbukumbu za viwanda zinazochungwa Gaydon, na mwenye motokari anaweza kuomba cheti chenye kuonyesha rangi yake ya kwanza.

Lakini plaki inaweza kutolewa kwenye motokari moja na kuwekwa kwenye ingine, sawa vile karatasi inaweza kudanganya. Kwa hiyo tunauliza pia kitu chenyewe. Toa kiti, angalia tapi chini yake. Fungua ubao wa mlango, angalia ukingo wenye ulikunjwa ndani. Pale jua halikufika, rangi haikupauka. Mara nyingi, kitu chenye mtu aliona ni kahawia kwa miaka 30 kinaonekana kilikuwa chekundu. Maandishi na kitu vikipatana, uko na msingi. Visipopatana, usikimbie kununua ngozi mupya: tafuta juu ya nini.

Na ata ukijua rangi ya kwanza, kazi haijaisha. Makumbusho ya Henry Ford, huko Dearborn, Michigan, yanatuonyesha ile vizuri, juu yanachunga vyombo viwili vyenye havikupewa jibu moja.

Chombo cha kwanza ni basi namba 2857 ya Montgomery, Alabama. Ndani yake Rosa Parks alikataa kutoa kiti chake tarehe 1 Desemba 1955. Kisha kuacha kazi, ile basi ilikaa miaka mingi kwenye shamba. Viti na injini vilitolewa, ikawa depo ya vyombo na mbao. Makumbusho yaliinunua 2001 kwa dola 492 000, yakaitengeneza ifanane na basi ya 1955. Ilitoka kiwandani 1948, kwa hiyo mwaka wa Parks ilikuwa na miaka 7 ya kazi. Kuifanya ingae sawa mupya ingekuwa uongo.

Cha pili ni Lincoln Continental ya 1961, yenye Kennedy alipigiwa risasi ndani yake Dallas, tarehe 22 Novemba 1963. Nje ilikuwa bluu ya giza, na viti vya ngozi ya bluu za aina mbili. Kisha mauaji, serikali haikuitupa. Iliirudisha kwa mafundi Cincinnati, wakaweka chuma cha kuzuia risasi, paa isiyofunguka, na viti vingine nyuma. Johnson akaomba ipakwe nyeusi. Ikafanya kazi miaka zaidi ya 10 tena. Leo mgeni anatafuta motokari wazi ya bluu ya 1963, anakuta nyeusi yenye paa. Kama wangerudisha ngozi ya bluu, tungeona mfano wa kuiga tu, na tungesahau kwamba wakuu wa nchi waliendelea kupanda mule.

Kwa basi walirudi nyuma, kwa Lincoln waliacha. Swali lao lilikuwa moja: hiki chombo kitoe ushahidi juu ya siku gani?

Shirikisho la kimataifa la motokari za kale, FIVA, lilipitisha Hati ya Torino mwaka 2012, kwa kufuata mawazo ya Hati ya Venisi ya 1964 juu ya majengo. Inaomba kuchunga kile kingaliko, na kuandika kila kitu chenye kinabadilishwa.

Kwa hiyo, kama babu alikuachia Mercedes ao Peugeot yenye viti vimepasuka, rangi mpya si zambi. Lakini mbele fundi hajaanza kupasua, piga picha, kata kipande cha kitambaa cha zamani, andika tarehe, chunga ndani ya bahasha. Na kama babu mwenyewe alibadilisha viti miaka ya 1970, wewe ungerudisha rangi ya kiwanda ao ungeacha ya babu? Tunangojea mawazo yenu.