Kimo cha hewa

Kwa nini ndege ya kivita, pamoja na nguvu zake zote, hukimbia mbali namna ile kabla ya kuruka? Na kwa nini ndege inayonyanyuka upesi Dar es Salaam huchelewa kunyanyuka Mwanza? Kijana anayeanza kupenda mambo ya urubani hakosi kuuliza hayo. Swali la pili hujibiwa na istilahi ambayo Waingereza huiita density altitude. Sisi wa Ushetu swali hilo linatuhusu: ardhi yetu imepita mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na jua la Septemba na Oktoba tunalijua.

Tuanze na la kwanza. Ndege ya kivita aina ya MiG-21, ambayo Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilikuwa nayo wakati wa Vita vya Kagera vya 1978–1979, ina mabawa madogo ya pembetatu yaliyoundwa kwa ajili ya kasi. Bawa hunyanyua ndege kwa kuisukuma hewa chini, na bawa dogo halina budi kwenda mbio sana ndipo lisukume hewa ya kutosha. Ndiyo maana rubani huwasha moto wa nyuma: mafuta humiminwa katika bomba lililo nyuma ya injini, yakawaka na kuongeza msukumo.

Sasa hewa yenyewe. Kadiri unavyopanda juu, hewa huwa nyepesi. Ikipata joto hutanuka, ikazidi kuwa nyepesi. Bawa hukosa cha kusukuma, na injini, ambayo nayo hula hewa hiyohiyo, hupungukiwa nguvu.

Chukua uwanja wa Mwanza, ulio takriban futi 3,760 juu ya usawa wa bahari. Kwa kipimo cha kawaida, hewa ya usawa wa bahari huhesabiwa kuwa na nyuzi 15 za Selsiasi, nazo hupungua nyuzi 2 kila unapopanda futi 1,000. Hivyo Mwanza ingepaswa kuwa na nyuzi 7.5. Saa nane mchana kipimajoto kinasoma 30. Zimezidi nyuzi 22.5, na kila uzi mmoja huongeza futi 120 hivi, jumla 2,700. Kwa hiyo, ikiwa shinikizo la hewa ni la kawaida, ndege iliyosimama Mwanza itaruka kana kwamba iko futi 6,460.

Tuiite nini hali hiyo? Kuna atakayesema “mwinuko wa densiti”, lakini anayeanza atakwama kwenye densiti kabla hajafika kwenye ndege. “Mwinuko wa hewa” ni rahisi zaidi, ila msikilizaji anaweza kudhani ni hewa inayopanda, kama ile inayozaa mawingu ya mvua. Napendekeza “kimo cha hewa”, na uwanja wenyewe ubaki na “mwinuko” wake kama ulivyo kwenye ramani. Mwinuko wa Mwanza haubadiliki. Kimo chake cha hewa hupanda mchana na kushuka usiku.

Tofauti hiyo ina kazi. Rubani akiambiwa kimo cha hewa kimefika futi 6,500, anajua apunguze mabomu au mafuta, ahakikishe njia ya kurukia inamtosha, au asubiri alfajiri. Rubani wa helikopta naye hupima kama ataweza kuelea na mzigo wake. Mabomu yakiwa yaleyale na mafuta yaleyale, ndege iliyoruka saa kumi na mbili asubuhi yaweza kuimaliza njia saa nane mchana ikiwa bado iko chini.