Chile

Mkahawani New Mexico, Marekani, mhudumu atakuuliza: nyekundu au ya kijani? Hilo ni swali rasmi la jimbo. Ukitaka zote mbili, jibu "Christmas".

Anachouliza ni chile, neno la Kinahuatl lililopitia Kihispania. Wengi wetu hulitafsiri "pilipili" na kumpotosha msomaji. Pilipili kwetu ni ya kuwasha: kidogo tu kando ya sahani. Chile ya kijani ni chakula chenyewe. Ni ndefu, na msimu ukifika, Agosti na Septemba, huchomwa kwenye pipa la wavu linalozungushwa juu ya moto wa gesi mpaka ganda liungue na kubanduka. Nyama yake laini hukatwakatwa, ikachemshwa na nyama ya nguruwe au kumwagwa juu ya baga. Mwaka 2023 harufu ya uchomaji huo ilitangazwa kuwa harufu rasmi ya jimbo. Ile nyekundu ni tunda lilelile, limeachwa likaiva.

"Hoho" nayo haifai, maana hoho haiwashi. Watafsiri wenzangu, tuandike "chile ya kijani", kama tulivyoipokea "chapati" bila kuibadilisha jina.