Simu Ilishuka Garini, Tukaipandisha Tena

Juzi usiku nilikaa kiti cha mbele kwenye matatu, Thika Road. Dere alishika usukani kwa mkono mmoja, mwingine unachapa ujumbe. Kila akiinamia simu, uso wake ulimulikwa na kioo. Abiria kumi na wanne tulikuwa tunaona. Hakuna aliyesema kitu, hata mimi.

Nilipofika nyumbani nikaanza kutafuta: nani aliweka simu ndani ya gari? Kumbe nilikuwa nauliza kinyume. Simu ilianzia huko huko garini.

Mwaka wa 1930, kampuni ya ndugu wawili wa Chicago, Paul na Joseph Galvin, ilileta sokoni redio ya gari. Wakaipa jina Motorola: "motor" ya gari, na "ola" kama ilivyokuwa kwenye majina ya vyombo vya muziki siku hizo. Mwaka wa 1946, mjini St. Louis, Bell wakaanzisha huduma ya simu za gari. Mtambo wake ulikuwa na uzito wa kilo 36 hivi, na ilibidi opareta akuunganishe.

Kisha ikaja Aprili 3, 1973. Martin Cooper, mhandisi wa Motorola, alisimama kando ya barabara New York akiwa na simu mkononi, akampigia mpinzani wake wa Bell. Hoja yake ilikuwa rahisi: watu wanataka kuongea na mtu, si na gari wala meza. Yaani kampuni iliyopata jina lake kwa redio ya gari ndiyo iliyoishusha simu garini, ikampa mtu anayetembea kwa miguu.

Sisi ndio tuliipandisha tena.

Madhara hayakuchukua muda kuonekana. Mwaka wa 1997, watafiti wawili wa Toronto, Redelmeier na Tibshirani, walichunguza madereva 699 waliokuwa na simu na waliopata ajali. Waligundua kwamba ukiwa kwenye simu, hatari ya kugonga inapanda karibu mara nne. Na hawakuona kwamba simu zisizoshikwa mkononi zina usalama zaidi. Shida kubwa si mkono, ni akili. Macho yako barabarani, lakini wewe uko kwenye maongezi.

Huku kwetu, kanuni za John Michuki za 2004 tunazikumbuka kwa mikanda, mstari wa manjano na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Piga hesabu: kwa mwendo huo halali kabisa, gari linakula mita 22 kila sekunde. Soma meseji kwa sekunde tano, umepita zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira bila kuangalia. Mwaka wa 2016 ikaja faini ya papo hapo ya shilingi 2,000 kwa dereva anayetumia simu gari likiwa kwenye mwendo.

Lakini tuseme ukweli: M-Pesa ilipoingia 2007, na teksi za programu zilipokuja, simu iligeuka jembe la kazi. Mtu wa boda ameisukuma ndani ya helmeti akielekezwa na mteja. Na mteja ni wewe, unayepiga mara tatu kuuliza, "Umefika wapi?" Hiyo faini haikuhusu, lakini simu ni yako.

Jana nilipanda tena, dere mwingine, mchezo ule ule. Nikajikaza: "Dere, hiyo simu si iwekwe kando kidogo?" Konda akaniuliza kama ni mimi naendesha. Mama mmoja nyuma akamjibu, "Ameongea ukweli. Hata mimi nina watoto."

Dere akaiweka kwenye dashibodi. Iliita kutoka Muthaiga hadi Roysambu. Hakuishika.