Air Tanzania

Air Tanzania, ambayo kisheria ni Kampuni ya Ndege Tanzania (ATCL), ni shirika la ndege la taifa la Tanzania. Makao yake ni Dar es Salaam, na safari zake nyingi huanzia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere. Nembo yake ni twiga.

Shirika lilizaliwa kwenye msiba. Tangu 1946 Kenya, Uganda na Tanganyika, pamoja na Zanzibar, zilihudumiwa na East African Airways, iliyokuwa na makao Nairobi. Mwanzoni mwa 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inasambaratika kwa ugomvi wa fedha na siasa, ndege za East African Airways zilisimama. Kenya iliunda shirika lake Januari mwaka huo. Tanzania ikafuata Machi 11.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya ndege chache na safari fupi, ingawa jina la shirika lilifika mbali kwa sababu ambayo hakuna aliyeitaka. Februari 1982 Boeing 737 iliyokuwa ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ilitekwa nyara, ikapitishwa Nairobi, Jeddah na Athens hadi Stansted, Uingereza. Watekaji walitaka Rais Nyerere ajiuzulu. Walijisalimisha baada ya mazungumzo ambamo Oscar Kambona, waziri wa zamani aliyekuwa uhamishoni London, alishirikishwa.

Ubinafsishaji ulikuja 2002. South African Airways ilinunua asilimia 49 ya hisa kwa dola milioni 20, na wengi waliamini mgeni mwenye uzoefu angeliinua shirika. Hasara iliendelea, na 2006 serikali ikazirudisha hisa hizo mikononi mwake. Desemba 2008 mamlaka ya usafiri wa anga ilisitisha cheti cha uendeshaji, na ndege hazikuruka hadi mwezi uliofuata. Kufikia 2016 shirika lilikuwa limebaki na ndege moja tu inayoruka, Dash 8 ndogo. Shirika la taifa kwa jina; kwa abiria wa Mwanza au Mbeya, shirika lilikuwa Precision Air au fastjet.

Rais John Magufuli alilifufua kwa kasi. Septemba 2016 zilitua Dash 8 Q400 mbili, ambazo wapinzani walizibeza kwa kuziita "pangaboi". Kejeli hiyo haikuwa na msingi: kwa kiwanja chenye njia fupi kama Bukoba, injini za mapanga ndizo zinazofaa, wala hazinywi mafuta kama jeti. Julai 2018 ikaja Boeing 787-8, na Desemba mwaka huo Airbus A220-300, ya kwanza kutumiwa na shirika la Afrika. Safari za Mumbai zilianza 2019, na baadaye Guangzhou, njia ya wafanyabiashara wa Kariakoo. Mwaka 2023 zikaongezwa Boeing 767 ya mizigo, yenye uwezo wa kubeba tani 54, na 737 MAX 9.

Ndege hizo si mali ya ATCL. Serikali huzinunua, Wakala wa Ndege za Serikali huzimiliki, na kampuni huzikodi. Mpango huo una hatari zake: mtu anayeidai serikali anaweza kuikamata ndege mahakamani. Agosti 2019 A220 ilizuiwa Johannesburg kwa ombi la mkulima aliyekuwa akidai fidia ya ardhi, ikaachiwa mwezi uliofuata.

Tatizo kubwa zaidi liko karakanani. Kampuni ndogo inaendesha Dash 8, A220, 737, 787 na 767, na kila aina inadai marubani wake, mafundi wake na vipuri vyake. Aina mbili au tatu zingetosha. Hitilafu za injini za A220, zilizoyasumbua mashirika mengi duniani, ziliziweka ndege hizo chini kuanzia mwishoni mwa 2022, na ndege iliyoegeshwa haiingizi nauli ilhali kodi yake inaendelea kuhesabiwa. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali aliripoti hasara ya shilingi bilioni 91.8 kwa mwaka wa fedha 2023/24, kutoka bilioni 56.6 mwaka uliotangulia, licha ya ruzuku ya serikali.

Kwa mkazi wa Kigoma au Songea, hesabu hiyo ina upande wa pili, kwa kuwa ndege humwokoa na safari ndefu ya basi. Huduma hiyo ni halali kulipiwa na hazina, mradi ihesabiwe wazi na isichanganywe na gharama za safari za mbali.

Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuingia anga lake kwa sababu za usalama, na Juni 2025 marufuku hiyo ikapanuliwa kwa mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania.