Udongo wa Penga Penga na somo la makala



Ukifika Penga Penga, hapa kwetu Lubumbashi, utaona sehemu za udongo mutupu, bila majani hata wakati wa mvua. Mara ya kwanza niliuliza: nani alichoma hapa? Hakuna aliyechoma. Ni moshi njo ulipita.

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa 1906, na mu 1911 kiwanda cha kuyeyusha shaba kikaanza kazi Lubumbashi. Moshi wake ulibeba vumbi la shaba, zinki na risasi, pamoja na gesi ya salfa. Upepo wa kiangazi unatoka kusini-mashariki, basi moshi ukaelekea upande wa Penga Penga. Gesi ikatia udongo asidi, vumbi likatia shaba. Majani yakakufa, mvua ikachukua udongo wa juu. Mu 1967 kampuni ikaingia mikononi mwa Serikali, ile tunayoijua leo kama Gécamines. Mwenye mali alibadilika, lakini shaba haiozi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walijaribu dawa palepale: chokaa na mbolea ya kuoza, kisha nyasi ndogo iitwayo Microchloa kunthii, iliyozoea udongo wa shaba wa Katanga. Nyasi ikashika. Chokaa inapunguza asidi, mbolea inakamata shaba, na mizizi inapata nafasi.

Biyoshari inafanya kazi karibu na hiyo. Ni makala ya mabaki ya mimea yaliyochomwa kwa hewa kidogo. Vitundu vyake vinashika maji na metali. Wenyeji wa Amazonia walichanganya makala, mifupa na takataka mu udongo karne nyingi kabla ya Wazungu kufika, na ule udongo mweusi ungali na rutuba.

Mimi mwenyewe, nikiwa mwanafunzi, nilisaga makala nikaweka paka hayo mu ndoo ya lengalenga. Majani yakageuka manjano! Makala mapya yananyang'anya mmea chakula. Inafaa kuyachanganya kwanza na mavi ya kuku au mbolea iliyooza, yakae wiki kadhaa.

Tuangalie mambo mawili. Muji wetu unapika kwa makala, na miombo inaisha. Tukikata miti ili tuponye udongo, tunahamisha kidonda tu. Tuchome magunzi ya mahindi na maganda ya karanga. Tena, udongo wenye majani si lazima uwe safi: risasi inabaki mule ndani. Pale tupande nyasi na miti, si sombe ya sokoni.

Bankambo walikula mushahara wa shaba. Sisi tumebakia na udongo. Wenye kusoma agronomia, kemia na historia tuko bengi humu. Nani kati yetu amekwisha kupima udongo wa kartie yake, kule mama anakolima mboga?