Walitoka gerezani, kesi ikabaki

Novemba 2000, watu 18 waliokuwa wakikabiliwa na adhabu ya kunyongwa walitoka katika gereza la Kilimani, mjini Unguja, lile ambalo Wazanzibari wamelizoea kwa jina la Kiinua Miguu. Baadhi yao walikuwa wamekaa humo karibu miaka mitatu. Hapana jaji aliyewatia hatiani, wala hapana aliyetamka kuwa hawana hatia. Walifunguliwa mlango tu.

Kesi yao ya uhaini ilifunguliwa Unguja, lakini mizizi yake ilikuwa Pemba. Katika uchaguzi wa Oktoba 1995, wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, chama cha upinzani cha CUF kilizoa viti vyote 21 vya Baraza la Wawakilishi vya Pemba. Mgombea wake wa urais, Maalim Seif Shariff Hamad, mzaliwa wa Mtambwe, alitangazwa kushindwa kwa asilimia 49.8 dhidi ya 50.2 za Dk. Salmin Amour wa chama tawala, CCM. CUF ikakataa kumtambua Rais, na wawakilishi wake wakasusia vikao vya Baraza.

Miaka miwili baadaye, Novemba 1997, ukafanyika uchaguzi mdogo katika jimbo la Mkunazini, Unguja. Kampeni zikiwa zimepamba moto, polisi wakaanza kuwakamata viongozi na wanachama wa CUF, baadhi yao wajumbe wa Baraza la Wawakilishi. Wengine waliongezwa mwaka uliofuata, idadi ikafika 18. Walishtakiwa kwa kula njama ya kuipindua Serikali ya Mapinduzi.

Uhaini hauna dhamana. Kesi ikawa ya kutajwa na kuahirishwa, kutajwa tena na kuahirishwa tena. Shirika la Amnesty International likawatangaza kuwa wafungwa wa dhamiri, yaani watu waliofungwa kwa msimamo wao wa kisiasa. Juni 1999 CCM na CUF zilitia saini Muafaka, makubaliano ya kumaliza mvutano wao, chini ya usimamizi wa Jumuiya ya Madola, lakini washtakiwa wakabaki ndani. Na kwa mtu wa Wete au Micheweni, huko Pemba, kwenda kumtazama mahabusu Unguja ni safari ya gari hadi Mkoani, kisha ya bahari.

Walipotoka, Amani Abeid Karume alikuwa ndiyo kwanza ameingia Ikulu ya Zanzibar akiwa Rais. Mwezi huohuo Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikatoa uamuzi katika shauri la Serikali ya Mapinduzi dhidi ya Machano Khamis Ali na wenzake 17. Ilisema uhaini hutendwa dhidi ya dola yenye mamlaka kamili. Zanzibar si dola ya namna hiyo, dola ni Jamhuri ya Muungano. Kwa hiyo kosa waliloshtakiwa nalo halikuweza kutendeka dhidi ya Serikali ya Zanzibar.

Hapo ndipo furaha ilipochanganyika na uchungu. Watu waliopigania hadhi ya Zanzibar ndani ya Muungano waliondolewa kosa la uhaini na hukumu iliyosema Zanzibar haina hadhi hiyo. Na lile swali ambalo mwandishi yeyote wa habari angelianza nalo, kama njama ilikuwapo au haikuwapo, halikuguswa. Ushahidi haukupimwa hadi mwisho. Kilichoamuliwa ni hoja ya sheria tu.

Mambo haya hayakuwa mapya. Aprili 7, 1972, Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa Zanzibar na baba yake Amani, alipigwa risasi Kisiwandui akafariki. Mwaka uliofuata, watu 81 walishtakiwa kwa uhaini mbele ya Mahakama ya Wananchi, ambayo haikuruhusu mshtakiwa kuwa na wakili. Abdulrahman Mohamed Babu, mwandishi wa habari na waziri wa zamani, alihukumiwa kifo bila ya kuwapo kizimbani. Alikuwa kizuizini Bara, na Mwalimu Nyerere alikataa kumpeleka Zanzibar. Aliachiwa 1978 kwa amri, si kwa hukumu ya kumsafisha. Mwanasheria Mkuu aliyeendesha mashtaka yale, Wolfgang Dourado, naye aliwekwa kizuizini bila ya kushtakiwa mwaka 1984, kwa maoni yake kuhusu muundo wa Muungano.

Ukiziweka kesi hizi mbili sambamba, unaona jambo moja: Zanzibar imekuwa hodari wa kuachia watu, si hodari wa kusema kama walionewa. Mahakama inaponyamaza, historia huhamia barazani. Huko kila mtaa una toleo lake.

Kuna waliojaribu kuitoa barazani na kuitia gazetini. Mwishoni mwa 2002 lilianzishwa Dira, gazeti binafsi la Zanzibar chini ya mhariri Ali Nabwa. Liliandika yaliyokuwa yakisemwa kwa kunong'ona, zikiwemo habari za waliopotea baada ya Mapinduzi. Halikumaliza mwaka mmoja: Novemba 2003 Serikali ililifungia. Nabwa mwenyewe aliambiwa si raia. Alifariki 2007.

Suala la hadhi ya Zanzibar nalo likarudi: mwaka 2010 Marekebisho ya Kumi ya Katiba ya Zanzibar yakaitaja Zanzibar kuwa ni nchi, moja kati ya mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Mwaka huohuo iliundwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa, Maalim Seif akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Juma Duni Haji, mmoja wa wale 18, akawa Waziri wa Afya katika serikali ileile aliyoshtakiwa kutaka kuipindua. Wengi waliona hapo kuwa mambo yamekwisha.

Wanasheria husema jinai haiozi. Tuhuma nayo haiozi, ikiachwa bila ya jibu. Mwandishi kijana wa Chake Chake akitaka kuifukua kesi hii leo hahitaji kuanza na wakubwa. Aanze na hati ya mashtaka, kisha tarehe za kuahirishwa moja baada ya moja, na sababu iliyotolewa kila mara. Halafu apande boti, akawatafute waliokuwa rumande ambao wangali hai, awaulize swali ambalo mahakama haikufika kuwauliza.